Kabla ya Kisu, Sufuria

Daktari akishasema mzee atapasuliwa, familia huanza kuhesabu pesa: nauli, kitanda, bima ya SHA inalipa nini na nini kinabaki. Changisho linaitishwa, mbuzi wanauzwa, na mgonjwa mwenyewe yuko kwenye kigoda nje ya nyumba, anazidi kukonda. Kati ya siku hiyo na siku ya kupasuliwa huwa kuna wiki mbili au tatu, wakati mwingine miezi. Huku kwetu Salaita na Taveta yote, muda huo watu huupitisha wakingoja simu ya hospitali, kumbe ndio muda wa kumlisha.

Saratani ya umio, ya tumbo, ya kongosho au ya utumbo hukaa kwenye njia ileile ya chakula, kwa hiyo mgonjwa humfikia daktari akiwa amekwisha kupungua. Aliyepungua sana kidonda chake hupona polepole, pale utumbo ulipounganishwa panaweza kuvuja, kifua hushikwa na nimonia, na siku za wodini huongezeka. Na hatuzungumzii ugonjwa wa nadra: saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi zaidi.

Vidokezo hivi ni vya yule anayeshika mwiko.

1. Mpandishe mizani leo

Wala si lazima umpeleke hospitali kule Voi. CHP (mhudumu wa afya ya jamii) wa kijiji chenu anatembea na mizani kwenye mkoba aliopewa na serikali mikoba hiyo ilipozinduliwa Septemba 2023, na zahanati nayo ina yake. Andika kilo na tarehe, kisha muulize mgonjwa alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita. Aliyekuwa na kilo 70 na sasa ana 62 amepoteza kilo 8, yaani zaidi ya asilimia 11. Wataalamu wa lishe ya upasuaji huanza kuingiwa na wasiwasi mtu akipoteza zaidi ya asilimia 10 kwa miezi sita, na mwongozo wa Ulaya unashauri mgonjwa wa namna hiyo alishwe kwa makusudi siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata ikibidi tarehe isogezwe.

Kwa hiyo mkifika hospitali, iwe Moi Referral pale Voi, Coast General kule Mombasa, au mkivuka mpaka wa Holili kwenda KCMC Moshi (wengi wetu tuko karibu na Moshi kuliko Voi), ile karatasi ya kilo itoe mapema. Halafu uliza swali moja: "Mtaalamu wa lishe tunamwona lini?" Hospitali kubwa zinaye, ila usipouliza unaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kumwona.

Kama mizani imekosekana kabisa, mshipi hausemi uongo. Tundu jipya lililotobolewa kwa msumari ni habari ambayo daktari anataka kuisikia.

2. Hesabu protini, usihesabu ugali

Ugali na sukuma wiki vinashibisha, na hapo ndipo tatizo lilipo: mgonjwa ana nafasi ndogo tumboni na imejazwa kitu kisichojenga nyama ya mwili. Mtu anayejiandaa kupasuliwa anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90, pamoja na kalori kama 1,500 hadi 1,800.

Zitapatikana wapi? Soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, linatosha. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa, 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Konzi ya njugu karanga, 7. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kinapita 20, awe wa Ziwa Jipe au wa kwingineko, maana Jipe lenyewe limevamiwa na magugu na samaki wake si wa kutegemea kila wiki.

Sasa ipange siku. Asubuhi uji uliopikwa kwa vikombe viwili vya maziwa badala ya maji, na mayai mawili: gramu 28. Saa nne njugu zilizosagwa: 35. Mchana maharage na ndizi za kupika: 50. Saa kumi kikombe cha mala: 58. Jioni samaki: 78. Umefika, na nyama bado hujaigusa. Anayekula kimanga atakuwa ameshaona kwamba maharage yanaingia mwilini kwa urahisi zaidi yakipondwa na muhogo kuliko yakiwa mazimamazima kwenye pure ya mahindi.

Kalori ziongeze kimyakimya. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 na hakiongezi ukubwa wa sahani. Tui la nazi kwenye mboga, parachichi lililopondwa, siagi ndani ya viazi: vitu hivi ambavyo redio hutukataza kila siku, mgonjwa huyu ameruhusiwa. Makopo ya unga wa lishe ya duka la dawa yana kazi yake, hasa kwa asiyeweza kutafuna, lakini usiuze mbuzi kwa ajili ya kopo kabla hujaimaliza trei ya mayai.

3. Sukari haimnoneshi "mdudu" wa saratani

Uvumi huu umewakondesha wengi. Eti saratani hula sukari, basi mgonjwa akinyimwa sukari, wali na ndizi mbivu, uvimbe utakufa njaa. Ni kweli chembe za saratani hutumia sukari kwa wingi, lakini hata ubongo na misuli hutumia, na mwili ukinyimwa sukari huitengeneza wenyewe kwa kuvunja misuli. Anayekufa njaa hapo ni mgonjwa.

Mwenye kisukari afuate maelekezo ya daktari wake. Wengine, wawekee sukari kwenye uji. (Kidokezo cha 9 kina mahali ambapo nitabadili kauli, subiri.)

4. Chakula kikikwama, badilisha umbo lake

Mwenye uvimbe kwenye umio huanza kwa kukwamwa na nyama, kisha ugali, kisha wali, mwishowe hata mate. Familia nyingi hufuata ngazi hiyo hadi chini: ikikataa nyama, anapewa uji, ukikataa uji mzito, anapewa uji mwepesi, halafu chai ya rangi. Kila hatua inapunguza nguvu. Umbo likiwa jepesi, vilivyomo viwe vizito: uji wa maziwa wenye njugu zilizosagwa na kijiko cha mafuta, supu ya samaki iliyotolewa miiba yote, ikasagwa na viazi na kuchujwa, mtindi, parachichi na ndizi mbivu kwenye blenda. Asiye na blenda ana kinu na chujio, na bibi zetu walilisha watoto wachanga kwa hivyo viwili.

Mpe kidogo kidogo, kila saa mbili, akiwa amekaa wima. Sahani kubwa humtisha. Kikombe hakimtishi.

Ikifika mahali hata maji hayapiti, hilo si la jikoni tena. Kuna springi ndogo inayowekwa ndani ya umio kuupanua ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Aliyewekewa atafune sana, anywe maji akila, na tonge kavu la ugali na mnofu mkubwa wa nyama aviage, kwa sababu huziba springi. Wengine huwekewa mpira wa kulishia, ama puani ama moja kwa moja tumboni. Watu wetu huuogopa mpira kama dalili ya mwisho. Mara nyingi ni kinyume chake: unawekwa ili mgonjwa apate nguvu za kuingia chumba cha upasuaji na kutoka salama. Mwombe sista akuonyeshe namna ya kuusafisha kwa maji safi kila baada ya kulisha, na nini kisipite humo. Uji wa wimbi wenye mabonge utauziba siku ya kwanza.

Tahadhari moja ambayo haijulikani sana: mtu ambaye hajala karibu chochote kwa siku tano au zaidi usimjaze chakula kwa furaha siku atakapoweza kumeza. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu huporomoka na moyo unaweza kuathirika. Huyo huanzishwa polepole, hospitalini, huku akipimwa damu na kupewa vitamini B1.

5. Chai ipoe

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Sisi ndio wale wa kuinywa chai ikiwa bado inaongea kwenye birika. Mgonjwa aingoje, na waliokaa naye mezani pia.

6. Wengine wafunge kwa niaba yake

Kanisa likitangaza siku tatu za kufunga na kuomba kwa ajili ya operesheni ya mama, jambo jema, wafunge wanakwaya, wafunge wazee wa kanisa, afunge hata mchungaji. Mama ale. Na Ramadhani ikimkuta Mwislamu akingoja upasuaji, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Aliye na shaka akamuulize imamu kabla ya kumwacha mgonjwa aende na daku peke yake.

7. Sigara, pombe, muguka

Sigara iachwe angalau wiki nne kabla, na pombe vivyo hivyo, mnazi na mbangara zikiwemo. Kuhusu muguka sitarudia mabishano ya Mei 2024, kaunti za Pwani zilipojaribu kuupiga marufuku. Nasema tu kwamba unaua hamu ya kula na usingizi, na mgonjwa wetu anavihitaji vyote viwili.

8. Usiku wa kuamkia upasuaji, na asubuhi inayofuata

Ile amri ya zamani ya kutoweka kitu mdomoni tangu saa sita usiku imelegezwa mahali pengi. Kwa mgonjwa wa kawaida, chakula kigumu hukoma saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Maziwa na uji huhesabiwa kama chakula. Lakini wenye umio au tumbo lililoziba wana masharti yao, kwa sababu chakula cha jana kinaweza kuwa bado kimekaa. Kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari wa usingizi wa siku hiyo. Swali la kumuuliza ni fupi: "Maji anaacha saa ngapi?" Likijibiwa, na upasuaji ukasogezwa kutoka asubuhi hadi jioni, uliza tena. Mgonjwa asilale njaa na kiu siku nzima kwa sababu hakuna aliyemwambia sista kwamba ratiba imebadilika.

Baada ya upasuaji, zamani mgonjwa aliachwa na dripu siku kadhaa mpaka utumbo "uamke". Siku hizi, kwa upasuaji mwingi wa utumbo mpana, hupewa maji na chakula chepesi ndani ya saa 24. Mabadiliko haya yalianzia kwa daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, miaka ya 1990, aliyeonyesha kwamba mgonjwa anayekula mapema na kushuka kitandani mapema hupona mapema. Aliyeunganishwa umio au kutolewa tumbo husubiri zaidi, na mara nyingi hulishwa kwa mpira. Usimpitishie uji kwa siri kwenye flaski, hata akikuomba kwa machozi.

Kutafuna chingamu nako kumeonekana kwenye tafiti kadhaa kusaidia utumbo kuanza kazi baada ya upasuaji wa tumbo. Omba ruhusa, kisha mpe. Mzee wa miaka sabini akitafuna chingamu wodini atachekwa, na akijamba kila mtu ashangilie.

9. Kila upasuaji na sahani yake

Hapa ndipo majirani hukosea, maana kila mmoja ana shangazi aliyepasuliwa "tumbo" na anajua alikula nini. Swali ni tumbo gani.

*Aliyetolewa tumbo, lote au sehemu.* Ghala limeondoka. Chakula sasa kinatiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo mwembamba. Milo sita hadi nane midogo, atafune mpaka iwe uji, na vinywaji vitengwe na chakula kwa nusu saa hivi. Sasa ndipo ninapobadili kauli kuhusu sukari. Uji mtamu, soda au juisi vikishuka kwa kasi humletea moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuhara ndani ya nusu saa, na wengine huishiwa nguvu saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaposhuka. Aanze na yai, samaki au maharage yaliyopondwa, wanga ufuate, sukari kidogo sana. Saratani haihusiki hapo. Ni mwendo wa chakula tu.

Aliyetolewa tumbo lote anahitaji pia vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, kila mwezi au kila miezi mitatu kutegemea dawa. Akiba ya mwilini huweza kudumu miaka, ndiyo maana watu huiacha sindano wakijiona wazima, kisha miguu inaanza kufa ganzi na damu kupungua. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

*Aliyekatwa umio.* Ale akiwa wima, abaki wima, na mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya kulala. Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Matofali mawili chini ya miguu ya kitanda ya upande huo hufanya kazi nzuri kuliko mito inayoteleza.

*Mwenye mfuko tumboni.* Uliza kama ni utumbo mwembamba au mpana uliotolewa nje, kwa kuwa hizo ni habari mbili tofauti. Wa utumbo mpana, baada ya wiki za mwanzo, wengi hurudia chakula chao cha kawaida. Wa utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi mchana kutwa, na hapa kwetu kuna joto. Mtu mwenye mfuko wa utumbo mwembamba katika joto hilo anaweza kukauka kabla ya jioni, na kumnywesha maji matupu lita baada ya lita huzidi kusukuma chumvi nje. Mpe ORS ya zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Ndizi mbivu, wali na viazi huufanya uchafu uwe mzito. Mahindi ya kuchoma, bisi, njugu nzima na nyuzi za embe vinaweza kuziba. Kwa wiki sita hadi nane za mwanzo aviepuke, kisha ajaribu kimoja kimoja.

*Aliyekatwa kongosho.* Choo kikielea, kikawa na mafuta na harufu kali, mafuta ya chakula hayasagwi. Kuna vidonge vya vimeng'enya, na humezwa pamoja na chakula, tangu tonge la kwanza. Kuvimeza saa moja baadaye ni hasara tupu. Sukari ya damu ipimwe pia.

10. Majani na mizizi yapumzike

Stafeli, mlonge, mwarobaini: kila kijiwe kina dawa yake, na anayeileta huileta kwa upendo. Sina haja ya kugombana naye. Mwambie tu daktari kila kitu ambacho mgonjwa anakunywa, kwani baadhi ya mitishamba hubadili kuganda kwa damu au kazi ya ini na dawa ya usingizi. Na kikombe cha maji machungu kabla ya mlo kinajaza ile nafasi ndogo tuliyokuwa tunaitafutia yai.

11. Atembee

Protini bila misuli kufanya kazi haijengi kitu kikubwa. Kabla ya upasuaji, mpaka dukani na kurudi. Baada yake, mpaka dirishani, kisha mlangoni, kisha kwa jirani. Jua la saa sita aliepuke.

12. Wapangie wageni

Watakuja, na kila mmoja na soda mbili na mkate. Mteue mtu mmoja, shemeji mwenye ulimi mtamu anafaa, awe anajibu simu za "tumletee nini": trei ya mayai, maziwa, njugu zilizosagwa, ndizi mbivu, parachichi, samaki asiye na miiba mingi. Wasije saa za chakula wakamkazia macho mgonjwa akila, wala wasimwambie amekonda; anajua.

13. Rudini hospitali bila kungoja kliniki

Akitapika kila anachokula kwa siku nzima. Homa au maumivu ya tumbo yanayozidi siku za baada ya upasuaji. Mfuko usiotoa kitu kwa saa kadhaa huku tumbo likivimba, au unaojaa maji matupu bila kukoma. Mkojo mchache na mweusi. Mpira wa kulishia uliochomoka: usiurudishe mwenyewe, ufunike mahali pake kwa kitambaa safi na muondoke saa hiyo hiyo, maana tundu la tumboni huanza kujifunga ndani ya saa chache. Na kilo: mpimeni kila wiki, siku ileile, nguo zilezile. Zikishuka kilo mbili ndani ya wiki mbili, mpigieni mtaalamu wa lishe, na simu hiyo ipigwe na yule anayepika.